Nyoka Kati ya Vijiti Viwili

Dodoma, Jumatatu, 2 Desemba 1996

Mzee Zaidi amenunua kaunta buku niwe naandika kila kosa la kompyuta, ili fundi akija kutoka Dar es Salaam asipoteze muda kuuliza maswali. Makosa yamejaa ukurasa mmoja. Kurasa zilizobaki nimejitwalia, na humu nitaandika ninachotaka.

Basi, mimi ni Yasinta, mtu wa Songea, miaka ishirini na minne, mwenye cheti cha kozi ya kompyuta ya miezi mitatu. Katika duka hili mimi ndiye mtaalamu. Sijisifu, ni kwamba hakuna mwingine anayeruhusiwa kuigusa. Mzee Zaidi alikuwa karani serikalini, akapunguzwa kazini mwaka jana, akafungua duka la kupiga chapa hapa Majengo. Kompyuta kaiweka chumba cha nyuma, kaifunika kitambaa cha kufuma kama redio ya bibi harusi, na mlangoni kabandika bango: VUA VIATU. Hata afisa wa wizara aliyekuja kuchapisha kadi za harusi alivua. Soksi yake ilikuwa na tundu la kidole gumba. Nilitazama pembeni kwa heshima, ila nimeliandika.

Joto, vumbi, mvua hakuna.

Jumatano, 4 Desemba

Umeme ulikatika saa nne, ukarudi saa kumi. Nimefuma nusu ya mkono wa sweta.

Ijumaa, 6 Desemba

Leo amekuja Seth, katibu wa Kwaya ya Hosana. Ni mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, shati limenyooka mpaka kwenye ukosi, na mfukoni ana rula ya chuma. Kwaya imerekodi kanda ya kaseti na inataka kava. Uzinduzi ni Pasaka.

"Dada Yasinta, majina ya waimbaji wote thelathini na sita yawemo," akasema.

"Mwalimu, hiyo karatasi ni ndogo kuliko kiganja changu."

"Ni azimio la mkutano mkuu. Kanda ya kwanza tuliandika jina la mwenyekiti na la mwalimu wa kwaya basi. Watu wanane walihama, wakaanzisha kwaya yao ng'ambo ya reli. Safari hii aliyeimba aonekane, na asiwepo mkubwa wala mdogo. Wote walingane."

Nilipomweleza Mzee Zaidi alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka. Hii ni kazi yetu ya kwanza ya kaseti, akasema, na kwaya za mji huu hazihesabiki. Tukiwagombanisha hawa, zote zitasikia kabla ya Jumapili.

Jumanne, 10 Desemba

Nimegundua kitu! Ndani ya programu ya kupangia kurasa kuna mahali pa kuongeza au kupunguza nafasi kati ya herufi na herufi. Kozini tulipita pale mbio, mwalimu akasema ni mapambo. Leo nimebana majina yote kidogo kidogo na yameingia, safu tatu, kila safu majina kumi na mawili. Nimejipigia makofi. Unaweza hata kuchukua herufi mbili tu, T na A kwa mfano, ukaisogeza A ikaingia chini ya mkono wa T. Nimecheza na hilo mpaka saa ya kula, halafu nikachoka, nikaacha majina ya kwaya yalivyo.

Jumamosi, 14 Desemba

Seth kavua viatu, kavipanga sambamba, kakaa, katoa rula.

"Dada, Batholomeo Mndewa ana milimita ishirini na nne. Mimi nina kumi na tatu."

"Jina lako ni fupi, mwalimu."

"Hilo nalijua. Lakini azimio linasema tulingane."

Nimemtazama nione kama anatania. Hatanii.

Jumatatu, 16 Desemba

Nimefanya alivyotaka. Kila jina lina milimita ishirini kamili. Batholomeo amekanyagana na nafsi yake, na Seth Masima ametawanyika kila herufi kivyake, mpaka huoni Seth anaishia wapi na Masima anaanzia wapi. Majina yamefuata alfabeti, hilo nalo ni agizo lake. Sura ya karatasi ni ya kusikitisha. Seth akapima yote thelathini na sita, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akatia sahihi.

Jumapili, 22 Desemba

Siku mbaya. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mwandiko usamehewe.

Mzee Zaidi alinituma niwapelekee wanakwaya nakala waione kabla hatujachapa. Nimewakuta wanamaliza mazoezi nyuma ya kanisa. Mwalimu wao Nathanaeli ni mpole, hana neno. Anayeanzisha nyimbo ni Mama Loisi, mkulima wa Nzuguni, miaka hamsini na kitu, mwembamba, na sijui sauti ile huiweka wapi. Anaanza peke yake, chini chini, halafu wenzake thelathini na tano wanaingia, na mimi mtu wa kukaa nyuma nilijikuta nimesimama.

Nakala ikapita mkono kwa mkono. Watu walicheka, wakaonyeshana. Ikafika kwa Mama Loisi. Akaitazama muda mrefu sana, juu mpaka chini.

"Mimi simo humu," akasema.

Seth akamsogelea. "Mama, huyu hapa. Loisi Ndahani. Milimita ishirini sawa na wenzako."

"Hilo si langu."

"Ni lako, mama."

"Seth, mimi jina langu nalijua. Mmeniacha." Akaikunja nakala, akamrudishia, akajifunga kanga yake. "Kama simo, basi siku ya Pasaka mtaanzisha wenyewe."

Akaondoka. Wanawake wawili wa sauti ya pili wakamfuata, mmoja akisema kwa sauti ya kusikika kwamba hata wale wanane walianza hivi hivi. Nathanaeli amekaa kwenye benchi ameshika kichwa. Bila Mama Loisi hakuna uzinduzi, kila mtu anajua, na yeye mwenyewe anajua, ndiyo maana anaringa. Jina liko wazi pale! Anataka liandikwe kubwa kuliko la wenzake, hana lingine. Kiburi tu.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Nimekula kuku. Nimewakumbuka nyumbani nikalia kidogo, kisha nikala tena.

Ijumaa, 3 Januari 1997

Mvua imeshuka tangu juzi, na mji mzima unanukia udongo. Njia ya Nzuguni imekuwa tope. Najua kwa sababu tope hilo limeingia dukani leo asubuhi, na mwenye nalo ni Mama Loisi.

Alikuwa anatoka kupanda uwele, jembe begani, miguu tope mpaka magotini. Mzee Zaidi akaitazama miguu, akalitazama bango lake la VUA VIATU, na viatu vya kuvua havikuwepo. Ikabidi alete beseni la maji mwenyewe.

"Shikamoo mama," nikasema, kwa ubaridi, nakiri.

"Marahaba mwanangu. Nimekuja na jina langu."

Akafungua pindo la kanga akatoa kadi ya uanakwaya, ya zamani, imepigwa kwa taipureta, kingo zimekwisha kwa kushikwa. Akaiweka mezani taratibu.

"Langu ni hili. Kuna kundi fupi, kuna kundi refu, na katikati pameachwa pa kupita mtu. Na ndani ya lile fupi, nyoka amesimama kati ya vijiti viwili. Wewe umenionyesha mstari mmoja wa vijiti vilivyotawanyika, ukaniambia ndiyo mimi."

Nikaitazama kadi. LOISI. Herufi ya tatu, ya nne na ya tano: kijiti, nyoka, kijiti. Bado sikuelewa, au akili yangu ilikataa kuelewa, maana nikatoa kwenye droo ile nakala ya kwanza, ya kabla ya rula ya Seth, nikamwambia, "Basi mama, hebu nisomee humu, kuanzia hapa."

"Miwani nimeiacha nyumbani," akasema upesi.

Mama Loisi hana miwani. Hana hata alama ya miwani puani. Nilijisikia vibaya mpaka masikio yakawaka. Yeye alikuwa ameinama juu ya karatasi, na kidole chake kikaenda moja kwa moja, safu ya pili, katikati.

"Huyu hapa mimi!" akacheka. "Lakini nyoka amebanwa. Mpe pumzi." Kidole kikapanda juu. "Na huyu ni nani? Ua wake una tundu, mbuzi anapita."

Jina lilikuwa Anastazia Chilewa. Nikasema sioni tundu. Akanigonga mkono kama mtoto. "Tazama! Hapa. Wengine wameshikana, hapa wameachana."

Mimi nilikuwa nasoma Anastazia, na Anastazia alikuwa sawa. Nikaigeuza karatasi juu chini nisiweze kusoma. Lo! Kati ya T na A pamekaa wazi, pengo la kuonekana kutoka mlangoni. Nimeitazama nakala hiyo siku nne nzima na cheti changu, nisilione.

Halafu akasema, huku akiifunga kadi kwenye pindo, "Miaka ishirini na miwili nashika kitabu cha nyimbo. Wenzangu wakifungua, nafungua. Nyimbo zote ziko hapa," akagusa kifua. "Kisomo cha watu wazima kilipokuja nilikuwa nauguza mama. Kilipopita, nikaona aibu kuuliza. Usinianike, mwanangu."

"Sitasema kwa mtu, mama."

"Na mbona mmetuchanganya? Mtu akae na jirani yake, kama tunavyosimama."

"Ni alfabeti, mama. Seth ndiye kapanga."

"Alfabeti haijui kuimba," akasema, akachukua jembe lake.

Nimesoma tena niliyoandika tarehe 22. Nimeona haya. Sifuti, yabaki yanitazame.

Jumamosi, 11 Januari

Mfungo wa Ramadhani umeanza. Mzee Zaidi amenikataza kunywa soda mbele yake, kisha kanipa ruhusa ya kwenda kuinywa nje, kisha kaniuliza kama ilikuwa ya baridi.

Jumatano, 15 Januari

Mama Loisi kaja tena, miguu safi, na kandambili ili apate cha kuvua. Nimemketisha kwenye kiti changu mbele ya kioo cha kompyuta, mimi nimesimama na kipanya. Majina sasa yamefuata wanavyosimama: safu ya kwanza mstari wa mbele, ya pili wa kati, ya tatu wa nyuma. Nimerudishia kila jina upana wake, kisha tukaanza.

"Sogeza. Sogeza. Basi, umepita, wamegongana. Rudisha. Hapo."

Jina kwa jina, pengo kwa pengo. Nilikuwa nadhani haki ni kila nafasi kuwa na kipimo kimoja. Kumbe ukiweka kipimo kimoja, O na O zinaonekana zimeachana, huku H na I zinaonekana zimebanana. Inabidi hizi uzisogeze, zile uziachie, mpaka jicho liache kukwama. Mama Loisi hasinzii wala hachoki. Kwenye jina langu, lililoandikwa kwenye kibao cha mezani, alinionyesha matundu mawili bila kuulizwa.

Mzee Zaidi alichungulia mlangoni. "Huyu mama kasomea wapi kazi hii?"

"Kujenga ua wa mbuzi, Mzee," akajibu mwenyewe. Wakacheka wote wawili, kila mmoja kwa sababu yake.

Ijumaa, 24 Januari

Mvua. Uwele umeota. Kazi nyingi, za maana hakuna.

Alhamisi, 6 Februari

Mvua imesimama siku tisa. Mama Loisi kapita, ana wasiwasi na shamba. Kasema pia Batholomeo, mwenye sauti nzito kuliko wote, amehamishiwa stesheni ya Gulwe na shirika la reli analofanyia kazi, na mstari wa nyuma umebaki na pengo.

Jumatatu, 10 Februari

Pilau ya Idi kwa Mzee Zaidi. Sahani mbili. Ya pili nililazimishwa, nikalazimika.

Jumapili, 23 Februari

Mwandiko usamehewe tena, lakini safari hii ni kwa furaha.

Nilipeleka nakala mpya kwa kwaya nzima baada ya ibada. Mama Loisi alibaki kwa sababu nilimwomba. Seth akaichukua kwanza, akatoa rula, uso ukabadilika.

"Kuna jina la milimita ishirini na tatu. Mimi kumi na nne. Na alfabeti iko wapi? Nani kaidhinisha hii?"

Mdomo wangu huu! "Mama Loisi," nikasema. Nilitaka kumpa sifa yake. Nilipoona macho yake ndipo nikajua nimefanya nini.

Seth akageuka. Hakuwa na ubaya, nasema kweli, alikuwa na ukatibu tu. "Vizuri sana. Kama mama ameikagua, basi atusomee. Majina yote, moja moja, kila mtu aitike. Tukifika thelathini na sita, mimi nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono."

Watu wakapiga makofi, wazo zuri! Mimi nikasema karatasi ina herufi ndogo mno, nitasoma mimi. Wakasema hapana, mama asome. Nikasema macho ya mama yanamsumbua. Anastazia akavua miwani yake akampelekea. Wema wa watu nao wakati mwingine ni balaa.

Mama Loisi akaivaa ile miwani. Akasimama, akaishika nakala kwa mikono miwili kama anavyoshika kitabu cha nyimbo. Akavuta pumzi.

Akaweka kidole juu kabisa. "Evelina!"

"Nipo!"

"Gladness!"

"Nipo!"

Mstari wa mbele wote, kumi na wawili, kidole kikishuka jina kwa jina. Ndipo nikaelewa anachofanya. Alikuwa anapita mbele ya watu wake kama walivyosimama mbele yake miaka yote. Safu ya pili. Alipofika kwenye jina lake alitulia, akasema "Na mimi," watu wakacheka. Safu ya tatu. Petro, nipo. Seth, nipo. Halafu kidole kikasimama.

Nilijua mara moja kilichomsimamisha. Baada ya Seth, Jumapili hizi, anasimama Gaudence. Pale katikati alikuwa Batholomeo, na Batholomeo yuko Gulwe. Angejuaje kama nimemtoa au nimembakiza? Hatukuwahi kuliongelea jambo hilo. Akisema Gaudence, imekwisha.

Kidole kikaanza kutembea juu ya lile jina, polepole, toka mwanzo mpaka mwisho. Kikarudi. Nikasikia kuku wa mchungaji wakiparura.

"Huyu ni mrefu," Mama Loisi akasema. "Kuliko wote. Huyu ni Batholomeo. Yuko Gulwe, lakini kwenye kanda yumo."

"Nipo!" akaitika Gaudence kwa sauti nzito ya kuigiza, na kwaya nzima ikaangua kicheko. Wakamaliza majina yaliyobaki wakicheka.

Jamani, alisoma! Sijui wengine wanaitaje, mimi nasema alisoma.

Seth akanyoosha mkono wa kwanza kama alivyoahidi. Tulipokuwa tunatoka akanivuta kando. Nikajiandaa kwa milimita. Akasema chini chini, "Dada Yasinta, nimefundisha darasa la kwanza miaka kumi na mmoja. Namjua mtoto anayesoma kwa kukariri, hata akiwa na miwani."

Nikaanza kuikunja nakala.

"Sikumtendea vyema. Ningalijua nisingalimwomba. Basi, mimi sijui kitu, na wewe hukuniambia kitu." Akairudisha rula mfukoni. "Na karatasi ni nzuri. Ile yangu ilikuwa mbaya sana, sivyo?"

"Sana, mwalimu."

Nimekuwa nikimwita moyoni majina mengine ambayo sikuyaandika. Nayo nayafuta.

Jumatano, 5 Machi

Tumechapa. Mzee Zaidi kaendesha mashine mwenyewe, peku.

Jumapili, 30 Machi

Pasaka. Mama Loisi alianzisha, na kutoka ng'ambo ya reli walikuja wale wanane, wakakaa nyuma, mpaka wimbo wa tatu wakawa wanaitikia. Kaseti zilipogawiwa kila mtu alitafuta jina lake. Mama Loisi hakutafuta. Alifungua kava, akaweka kidole, akamwonyesha mjukuu wake, "Bibi huyu hapa." Nilikuwa nyuma yao. Nimelia bila aibu na kitambaa sikuwa nacho.

Jumamosi, 5 Aprili

Uwele wa Nzuguni umeponea chupuchupu, karanga zimekubali. Mama Loisi kaniletea kikapu cha karanga mbichi. Kavua kandambili, kaketi kwenye kiti changu kama chake. Mzee Zaidi akajifanya ana kazi mbele ya duka.

"Mwanangu, yule nyoka anaitwaje?"

"Anaitwa S, mama."

"Na vijiti?"

"I. Vyote viwili ni I."

"Ndugu wawili jina moja," akasema, akatikisa kichwa. "Na huyu wa mbele, mwenye mguu?"

Tulienda hivyo mpaka mwisho. Halafu akaomba kalamu. Kompyuta ilikuwa imewaka, nikamwambia nitambonyezea, atokee mzuri. Akakataa. Karatasi iliyokuwa karibu ni hii, ya daftari hili, nikamsogezea. Alibana ulimi kwa meno, akaandika muda mrefu, na alipomaliza akaniuliza kama ua umekaa sawa.

Ni hapa chini, kwa mkono wake. Kati ya L na O anapita mbuzi na mtoto wake. Nimemwambia umekaa sawa, na sikusogeza kitu.

L   OI SI